Kitabu gani cha mbinu za poka kinamfaa mtu aliyechoka kubahatisha?

Ghulamu_wa_Pau:

Wakuu habari zenu.

Nacheza poka, Texas Hold'em isiyo na kikomo: kila mtu ana karata mbili mkononi, na tano za mezani ni za wote. Zaidi nacheza mtandaoni, meza za watu sita za dau dogo, na mwisho wa wiki tunakutana washkaji kama wanane tunacheza shindano letu dogo. Sheria nazijua, na kipi kinashinda kipi naweza kukutajia usingizini. Shida ni kwamba sisongi mbele. Wiki hii napata, wiki ijayo narudisha zote, na sielewi kama ni bahati au ni mimi mwenyewe.

Sasa nimeamua ninunue kitabu. Kutafuta kidogo tu nimekutana na orodha za "vitabu bora" ambazo kila moja inasema lake. Moja inaanza na kitabu cha miaka ya 1970, nyingine inasema chochote kilichoandikwa kabla ya 2015 ni cha kufungia maandazi. Nimefungua kurasa za mfano za kimoja nikakuta majedwali ya rangi rangi na namba tupu, nikafunga. Kingine kilikuwa hadithi za mtu na wacheza kamari wenzake. Nilifurahi kweli, ila nilipomaliza sikuweza kusema nimejifunza nini.

Fedha yangu inatosha vitabu viwili, nikijibana vitatu. Nianze na kipi? Na nitajuaje kama kitabu kinanifaa kabla sijakilipia? Hesabu za sekondari ninazo, zaidi ya hapo msinipeleke.

Nusu_Chungu:

Chukua Harrington on Hold'em juzuu ya kwanza, funga mjadala. Karibu kila mtu hapa alianzia hapo.

Kimya_Kimya:

Vitabu vya nini mkuu? Kitabu kikitoka mitamboni kimeshapitwa. Siku hizi kuna programu za kukokotoa: unaiwekea karata za mezani na ukubwa wa chungu, yaani fedha zote zilizokwisha kuwekwa mezani, inakupa jibu. Mwaka 2017 programu iitwayo Libratus iliwapiga wataalamu wanne kwenye mchezo wa mtu kwa mtu, na mwaka 2019 nyingine, Pluribus, ikawapiga kwenye meza ya watu sita, yaani kama hiyo yako. Zilijifunza kwa kucheza zenyewe kwa zenyewe, hazikusoma kitabu cha mzee yeyote. Fedha ya vitabu vitatu weka kwenye programu.

Bi_Shupaza:

Ghulamu mwanangu, hao wawili waache kwanza, wote wana nusu ya ukweli na nitawarudia.

Mimi kila anayeniuliza kuhusu vitabu namwuliza hivi: ni mkono gani wa karibuni, yaani mgao mmoja wa karata, uliokukosesha usingizi, na ulikwama wapi? Kama ulikwama kwa kuwa hukujua uwezekano wa kupata karata unayoingoja, kuna kitabu chake. Kama hukujua mwenzako anaweza kuwa na nini, hicho ni kitabu kingine kabisa. Na kama ulijua la kufanya ila ukafanya kinyume kwa sababu ulishapandwa na mori, hakuna hesabu itakayokusaidia, hapo unahitaji kitabu cha aina ya tatu. Mtu asiyejua swali lake hununua vitabu sita, na vyote anaviacha sura ya pili. Nacheza na bwana mmoja mwenye rafu nzima ya vitabu vya poka, kurasa nyeupe pee. Ni mtu mwema sana, na kila mwezi anatulipia.

Baada ya swali, tazama mchezo ambao kitabu kimeandikiwa. Hapa watu wanaumia bila kujua. Kuna kitabu cha 2004 kinachoitwa Small Stakes Hold'em, cha Ed Miller, David Sklansky na Mason Malmuth. Ni kizuri mno, na jina linaonekana limeandikwa kwa ajili yako, dau dogo na Hold'em. Ila ni cha Hold'em yenye kikomo, ile ambayo ukubwa wa dau umepangwa na huwezi kusukuma chipu zote. Kule karata ya mwisho mara nyingi unalipa dau 1 kwenye chungu chenye madau 8, kwa hiyo ukishinda mara 1 tu katika 9 hujapoteza kitu. Ndiyo maana kitabu kinakuhimiza ufuate, yaani ulipe dau la mwenzako, na mikono dhaifu dhaifu. Ukiuleta ushauri huo kwenye meza yako, mtu akabeti kiasi sawa na chungu kizima, unahitaji kushinda mara 1 katika kila 3. Kitabu hakijakosea, wewe ndiye unayecheza mchezo mwingine.

Halafu mwaka. Wanaosema kila cha zamani ni takataka wamezidisha, lakini wana sababu. Kile cha miaka ya 1970 ulichokiona nadhani ni Super/System ya Doyle Brunson. Huyu mzee alitwaa shindano kuu la World Series of Poker mwaka 1976 na 1977, na mara zote mbili mkono wa mwisho alishika 10 na 2, mkono ambao kitabu chochote kitakwambia utupe. Sura ya Hold'em isiyo na kikomo aliiandika mwenyewe, sura nyingine akawapa mabingwa wa michezo ile. Alichofundisha ni kushambulia: beti, sukuma, mfanye mwenzako ndiye awe wa kuamua. Enzi zile wachezaji wengi walikuwa wanangoja karata nzuri, kwa hiyo anayesukuma alikuwa anaokota vyungu bila mwenyewe. Leo kila kijana mtandaoni anasukuma. Kisome siku moja kwa raha zako, ila kisiwe cha kwanza.

Kisha mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu, akaingia shindano lile kwa tiketi aliyoishinda mtandaoni na akaondoka na dola milioni 2.5. Mwaka ule walikuwa wachezaji 839. Mwaka 2006 walikuwa 8,773. Vitabu vingi utakavyokuta kwenye orodha ni vya wimbi hilo, na viliandikwa kwa kumfikiria mpinzani mgeni anayefuata kila kitu au anayetishika upesi. Harrington yumo humo. Halafu miaka kumi baadaye zikaja programu za Kimya_Kimya, na vitabu vya baada yake vinazungumzia wigo wa karata, yaani karata zote ambazo mtu anaweza kuwa nazo, badala ya mkono mmoja.

Unapima hivi: kinachozeeka kwenye kitabu cha poka ni maelezo ya tabia za watu, ukubwa wa dau wanaokushauri, na orodha ya mikono ya kuanzia. Hesabu haizeeki. Ukiwa na karata nne za kopa baada ya flopu, yaani karata tatu za kwanza za mezani, zimebaki kopa 9 katika karata 47 usizoziona. Uwezekano wa kuipata ya tano kufikia karata ya mwisho ni kama asilimia 35, ilikuwa hivyo 1978 na ni hivyo leo.

Kuhusu kukijua kabla ya kulipia: usisome utangulizi, utangulizi wote ni mtamu. Fungua kurasa za katikati utafute mkono mmoja unaoelezwa. Je, mwandishi amesema kila mtu ana chipu ngapi? Amesema nani anacheza wa mwisho? Amesema chungu kimefikia kiasi gani kabla ya kila dau? Likikosekana mojawapo, anakusimulia tu jinsi alivyoshinda, kirudishe. Yakiwepo yote, funika jibu kwa kiganja ujaribu mwenyewe, kisha funua. Kama umekosea na ukaelewa kwa nini, lipa. Kama umekosea na maelezo nayo hukuyaelewa, hicho cha mwakani.

Nikirudi kwako. Kwa shindano lenu la washkaji nakubaliana na Nusu_Chungu, Harrington juzuu ya kwanza, ya 2004. Dan Harrington alitwaa shindano kuu 1995, na akafika meza ya mwisho tena 2003 na 2004 katikati ya umati ule, kwa hiyo hakuwa anabahatisha. Kinachonipendeza ni kwamba kila sura ina maswali na kila mkono una vipimo vyote nilivyovitaja. Uchezaji wake ni wa kubana kidogo kwa leo, lakini kwa mtu anayefuata mno ni dawa.

Kwa meza za watu sita, kitabu cha baada ya programu ila kisicho na majedwali ya kukutisha: Play Optimal Poker cha Andrew Brokos, 2019. Anaanza na michezo midogo ya kutunga, karata chache tu, hadi uone mwenyewe kwa nini kuzuga ni lazima na kunapaswa kuwa na kipimo. Kwa mfano karata ya mwisho ukibeti chungu kizima, katika kila mara 3 unazobeti, 2 uwe nayo kweli na 1 uwe unazuga. Hapo mwenzako akifuata au akitupa, kwake ni sawasawa, hana pa kukushika. Hesabu ni za kugawanya na kujumlisha. Majedwali uliyoyakimbia pengine ni ya Modern Poker Theory ya Michael Acevedo, ya mwaka huohuo 2019. Ni kitabu kikubwa na kizito, kiache kwanza. The Mathematics of Poker ya 2006 usikiguse kabisa, hao waandishi hawakuwa na huruma.

Cha tatu usinunue sasa. Tutaona ukishatuletea mkono.

Kimya_Kimya, programu ni nzuri, sikatai. Ila inajibu kwa wigo uliouwekea wewe. Ukiiambia mpinzani anacheza mikono asiyoicheza, itakupa jibu safi kabisa la mchezo ambao haupo. Ni kama kumpa kikokotoo mtoto asiyejua lini azidishe na lini agawanye.

Kimya_Kimya:

Haya Bi Shupaza, hapo kwenye wigo umenishika. Lakini Harrington kwa meza ya watu sita atamfanya awe mwoga. Zile orodha zake za mikono ya kuanzia ni za meza ya watu tisa au kumi. Akikaa kungoja hivyo kwenye meza ya sita, dau la lazima, lile linalowekwa kabla ya karata kugawiwa, litammaliza taratibu.

Bi_Shupaza:

Kweli kabisa, na ndiyo maana nimesema ni cha shindano la washkaji. Orodha ya mikono ya mtu wa kiti cha kwanza kati ya tisa haihamii kwenye meza ya sita, asome kuanzia viti vya katikati. Asante kwa kuliweka wazi.

Ghulamu_wa_Pau:

Asanteni sana. Bi mkubwa, umeniuliza mkono ulionikosesha usingizi, huu hapa. Nilichofanya sisemi kwanza.

Meza ya watu sita. Niko kiti cha kwanza kucheza, nina ree ya shupaza na mfalme wa uru. Nikapandisha, wote wakatupa isipokuwa jamaa aliyekuwa kiti cha mgawaji, ambaye anacheza baada yangu kila mzunguko. Flopu ikaja mfalme wa kopa, 9 ya kopa, 4 ya pau. Nikabeti, akafuata. Karata ya nne 6 ya shupaza. Nikabeti tena, akafuata. Karata ya tano 2 ya kopa. Nikapita. Chungu kina chipu 120, na yeye akabeti 120.

Washkaji wamegawanyika. Mmoja anasema jozi ya wafalme yenye ree haitupwi kamwe. Mwingine anasema kopa ya tatu ikishashuka na mtu akabeti hivyo, amekwisha kuipata. Kitabu kingenijibu nini?

Bi_Shupaza:

Sasa hili ni swali. Na tayari umejijibu la kitabu: umekwama kwa kuwa hujui mwenzako ana nini, wala hujui uhesabu vipi. Kwa hiyo Brokos kwanza, Harrington wa pili.

Chukua kalamu. Hatua ya kwanza ni bei. Unalipa 120 ili ushinde 240, yaani chungu cha awali 120 na dau lake 120. Jumla ukishafuata ni 360, na 120 katika 360 ni theluthi moja. Ukishinda zaidi ya mara 1 katika 3, fuata. Chini ya hapo, tupa. Mpaka hapa hakuna anayebishana.

Hatua ya pili ndiyo vitabu vya zamani vilikuwa vinairuka, au vinaipitia kwa kusema "mhisi mpinzani wako". Orodhesha michanganyiko ya karata mbili ambazo mtu wa kawaida angezifuatia kabla ya flopu, akafuata dau mbili, kisha akabeti hivi.

Flashi kwanza, yaani karata tano za rangi moja. Kopa tatu ziko mezani: mfalme, 9 na 2. Ree ya kopa hujaishika wewe, kwa hiyo anaweza kuwa nayo pamoja na malkia, ghulamu, 10, 8, 7, 6, 5, 4 au 3 ya kopa. Hiyo ni michanganyiko 9. Ongeza zile ambazo watu hupenda kuzifuatia: malkia na ghulamu, malkia na 10, ghulamu na 10, 10 na 8, 8 na 7, 7 na 6, 6 na 5, 5 na 4, zote za kopa. Hizo 8. Jumla flashi 17.

Tatu za aina moja: 9 zilizobaki ni tatu, kwa hiyo jozi za 9 mkononi ni michanganyiko 3. Jozi za 4 ni 3 vilevile. Hizo 6. Jozi ya 6 nimeiacha, wengi wangeitupa kwenye flopu ile. Mfalme na 9 za rangi moja: mfalme wa kopa yuko mezani, wa uru unaye wewe, kwa hiyo ni za shupaza na za pau tu, 2. Jumla ya vinavyokupiga ni 25.

Sasa anazozuga nazo. Nani angefuata flopu ile halafu aishie bila kitu? Aliyekuwa anangoja streti, yaani karata tano zinazofuatana: ghulamu na 10, malkia na ghulamu, malkia na 10, za rangi moja lakini zisizo za kopa. Kila moja ina michanganyiko 3, jumla 9. Na hapo namkopesha, wengi wangetupa kwenye dau la pili.

Kwa hiyo unashinda mara 9 katika 34, kama asilimia 26. Unahitaji 33. Tupa, na usijilaumu.

Kaa hapohapo lakini, utamu wenyewe ni huu. Angebeti nusu ya chungu, 60, ungelipa 60 ili ushinde 180. Hiyo ni robo, asilimia 25. Kwa orodha ileile ungefuata, ingawa kwa kunusurika. Karata hazijabadilika, bei ndiyo imebadilika. Rafiki yako anayesema mkono huu "hautupwi kamwe" hajawahi kutazama bei.

Na la pili. Tuseme ree yako ingekuwa ya kopa badala ya shupaza. Zile flashi 9 zenye ree zote zinafutika, maana ree hiyo iko mkononi mwako. Zinabaki flashi 8, pamoja na zile 6 na zile 2, vinavyokupiga ni 16. Unashinda mara 9 katika 25, asilimia 36. Dau la chungu kizima, na sasa unafuata! Jozi ileile ya wafalme, karata zilezile mezani, na jibu limegeuka kwa sababu ya rangi ya karata moja ambayo hata hukuunganisha nayo kitu. Washkaji wako wote wawili walikuwa wanabishania nguvu ya mkono wako, na hakuna aliyeuliza ree ni ya nini.

Orodha yangu unaweza kuibishia. Ukimjua jamaa kuwa huzuga sana, ongeza. Vinahitajika vya kuzuga 13 ili kufuata kuwe na faida, kwa hiyo jiulize hizo 4 zaidi angezitoa wapi. Hiyo ndiyo kazi kitabu kizuri kitakufanyisha, ukurasa baada ya ukurasa, hadi mezani uwe unaifanya kwa makadirio bila kalamu.

Kimya_Kimya:

Nimeiweka kwenye programu kwa wigo huohuo wa Bi Shupaza. Inatupa karibu kila mara kwa ree ya shupaza, na inafuata kwa ree ya kopa. Sina la kuongeza leo.

Ghulamu_wa_Pau:

Nimeisoma mara kadhaa na kalamu mkononi. Wacha niseme sasa: nilitupa. Jamaa akaonyesha karata zake kwa makusudi, malkia na ghulamu za pau. Hewa tupu! Ndiyo maana sikulala. Na baada ya hapo nilianza kumfuata kwa chochote, saa nzima, hadi nikaondoka bila chipu.

Nusu_Chungu:

😂😂 pole mkuu. Alikuonyesha ili ukasirike, na ukamtii.

Bi_Shupaza:

Malkia na ghulamu za pau ni mmoja wa wale 9 niliowaandika, hajatoka nje ya orodha. Ulitupa sawasawa na chungu kikaenda kwa mwongo, mambo hayo yapo. Ree mbili zikikutana na wafalme wawili na chipu zote zikaingia kabla ya flopu, wafalme wanashinda kama mara 18 katika 100, na hakuna aliyekosea.

Ile saa moja ya baadaye ndiyo inayonihusu zaidi. Hapo ndipo fedha yako ya wiki inaporudi, na umelijibu swali lako la "bahati au ni mimi". Kwa hiyo cha tatu tumekipata: The Mental Game of Poker cha Jared Tendler, 2011. Si mchezaji maarufu, ni mtu wa saikolojia, na ndani hamna mkono hata mmoja wa kuiga. Anachofanya ni kuigawa hasira kwa aina. Kuna anayekasirika kwa kuwa anaona kadi zinamwonea, kuna anayekasirika kwa kuwa amekosea mwenyewe, na kuna anayetaka kisasi kwa mtu mmoja. Wewe kwa maelezo yako ni huyu wa mwisho. Kila mmoja ana dalili zake za mapema, na anakufanyisha uziandike kabla hujakaa mezani. Watu wengi hukidharau kwa sababu hakina karata. Ungekinunua hiki tu mwaka huu, vingine uazime, nisingekukataza.

Ghulamu_wa_Pau:

Basi Brokos na Tendler nanunua sasa, Harrington nitaazima kwa Nusu_Chungu kama anacho 😀. Swali moja la mwisho: vile vya kusoma dalili za mtu usoni na mikononi? Nimeona cha Mike Caro kinasifiwa.

Nusu_Chungu:

Harrington ninacho, juzuu ya kwanza na ya pili. Njoo uchukue, ila ujue ya pili nakupa baada ya kurudisha ya kwanza.

Bi_Shupaza:

Caro ni cha 1984, kina picha, na wazo lake kubwa ni kwamba anayejifanya dhaifu mara nyingi ana nguvu, na anayejifanya ana nguvu ni dhaifu. Mezani na washkaji linasaidia mara mojamoja. Mtandaoni uso hauonekani, na huko ndiko unakochezea zaidi, kwa hiyo kiweke mwisho wa foleni.

Kuhusu Harrington, juzuu ya pili ndiyo yenye hatua za mwisho za shindano, pale chipu zinapopungua na dau la lazima limepanda. Anakufundisha kugawanya chipu zako kwa gharama ya mzunguko mmoja, yaani madau yote ya lazima yakijumlishwa. Ukiwa na 20 au zaidi una nafasi ya kucheza poka yako yote, ukishuka chini ya 6 kilichobaki ni kusukuma zote au kutupa. Shindano lenu la watu wanane litakufikisha hapo kila wiki, kwa hiyo usiishie ya kwanza.

Juzuu ya tatu ni maswali matupu. Ukiikuta iliyotumika kwa bei nzuri ichukue, lakini ifunue kwanza uone kama mwenye nayo hakuzungushia majibu kwa kalamu ya wino.